Hiyo Barafu Itambeba?

Januari iliyopita binamu yangu anayeishi Minnesota alituma video kwenye grupu ya familia. Amevaa koti kubwa hadi unaona macho tu. Nyuma yake kuna pikapu, kibanda kidogo cha mbao, halafu weupe mpaka mwisho wa dunia. "Niko katikati ya ziwa," anasema. Kisha anaruka mara mbili, kama mtu anayejaribu kitanda dukani, na anacheka.

Mamake, ambaye ni shangazi yangu, hakumpigia yeye. Alinipigia mimi. "Wewe ndiye hushinda ukisoma vitabu na kutazama mafilamu ya huko. Niambie ukweli. Hiyo barafu itambeba?"

Nikamwambia, "Itambeba, shangazi, usijali." Nikakata simu, halafu nikajiuliza nimetoa wapi hilo jibu. Barafu ninayoijua mimi ni ile ya kwenye friza na ile ya kutia kwenye juisi. Kuhusu ziwa lililoganda, kila nilichokijua nilikitoa kwenye skrini. Basi nikafanya kazi ambayo mhakiki hufanya: nikarudi kwenye hizo kazi moja moja, nikiwa na swali la shangazi mkononi. Si swali la kifasihi, lakini niligundua kwamba ni kipimo kizuri kuliko vingi nilivyofundishwa chuoni.

Nianze na uongo mkubwa zaidi. Kwenye filamu, barafu hukuonya. Unasikia "kra!", mstari mwembamba unaanza kutambaa miguuni mwa mhusika, anasimama kama sanamu, muziki unapanda, na sisi tunashika pumzi. Mtindo huu ni wa kale. Filamu ya Kirusi ya *Alexander Nevsky*, iliyotolewa mwaka 1938 na mwelekezi Sergei Eisenstein, ina vita maarufu juu ya ziwa lililoganda, ambapo barafu inapasuka na kuwameza wapiganaji wa Kijerumani. Imesifiwa miaka nenda miaka rudi, na inastahili. Lakini vita hivyo vilipigwa picha wakati wa kiangazi, kwenye barafu ya kutengenezwa. Yaani mojawapo ya barafu maarufu zaidi katika historia ya sinema haikuwa barafu. Ilipasuka pale mwelekezi alipotaka ipasuke.

Barafu ya kweli haina adabu hiyo. Wavuvi wa Minnesota watakwambia kwamba ziwa lenye barafu nene hupiga kelele usiku kucha, linanguruma na kulia kama nyaya za umeme, kwa sababu barafu hutanuka na kunywea joto linapobadilika. Kelele peke yake haimaanishi hatari. Kimya nacho hakimaanishi usalama. Mahali penye chemchemi chini yake, au mto unapoingia ziwani, barafu inaweza kuwa nyembamba hatua chache tu kutoka mahali ilipo nene, na theluji juu yake ikafunika tofauti hiyo yote. Theluji yenyewe ni blanketi: inaizuia baridi isishuke, na barafu iliyo chini yake inachelewa kunenepa. Kwa hivyo anayesubiri ule mstari wa kwenye filamu anasubiri dalili ambayo huenda isije.

Filamu ya pili niliyoirudia ni *Grumpy Old Men* ya mwaka 1993. Jack Lemmon na Walter Matthau ni wazee wawili majirani, John na Max, katika mji wa Wabasha, Minnesota. Wamechukiana kwa miaka, na kila siku wanavua kwenye vibanda vyao juu ya barafu, karibu karibu, wakitupiana matusi. Nitasema wazi kwamba filamu hii naipenda. Inaelewa kitu ambacho video ya binamu yangu pia ilikionyesha: kibanda cha kuvulia si chombo cha kuvulia tu. Ni baraza. Ndani kuna hita, kiti, shimo sakafuni, na mtu wa kupiga naye stori. Wakati wa baridi ziwa linageuka kijiji chenye majirani na udaku wake. Kama ushawahi kukaa na wazee wanaocheza bao jioni nzima bila kuongea jambo la maana, na wakaondoka wameridhika, hiyo filamu utaielewa.

Lakini kuna pale ambapo Max, kwa hasira, anakisukuma kibanda cha John kwa gari kuelekea barafu nyembamba, na John yuko ndani. Imeandikwa kama kichekesho. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili, nikiwa na sauti ya shangazi masikioni, sikucheka. Tatizo langu si kwamba ni ukatili. Vichekesho vina haki ya kuwa na ukatili. Tatizo ni kwamba barafu inapogeuzwa silaha ya ugomvi, inaacha kuwa kitu chenye sheria zake. Inakuwa nyembamba pale ugomvi unapohitaji unene upungue. Ni barafu ya Eisenstein tena, safari hii ikiwa na kofia ya sufi.

Kazi ya tatu ndiyo bora kuliko zote, na ndiyo iliyonikera zaidi. *Nice Fish* ni tamthilia iliyotungwa na mwigizaji Mark Rylance pamoja na Louis Jenkins, mshairi wa Duluth, Minnesota, aliyefariki mwaka 2019. Ilionyeshwa kwanza Minneapolis mwaka 2013, kisha ikafika London mwaka 2016. Imejengwa kwa mashairi ya nathari ya Jenkins, yale ambayo Rylance alikuwa ameyasoma jukwaani badala ya kutoa hotuba alipopokea tuzo za Tony mwaka 2008 na 2011. Wanaume wawili, Ron na Erik, wako kwenye barafu siku ya mwisho ya msimu. Hawafanyi mengi. Wanazungumza, wanasubiri samaki, na mazungumzo yanateleza kutoka mambo ya kipuuzi hadi kifo bila kubadilisha sauti.

Nakiri hakuna andiko lililonifanya nielewe zaidi kwa nini mtu aache nyumba yenye joto akakae juu ya shimo. Jenkins anajua kusubiri kukoje. Anajua pia kwamba mvuvi wa barafu hasubiri samaki tu. Anasubiri kujua anachofikiria.

Sasa kero yangu. Katika tamthilia hii yuko afisa wa idara ya maliasili ya jimbo, anayefika na kuuliza leseni. Yeye ndiye anayechekwa: mtu wa sheria na makaratasi katikati ya watu wanaotafakari uzima. Hadhira inajua imcheke nani. Lakini mimi nilikuwa nimekwama na swali la shangazi, na kati ya washairi, waelekezi na waigizaji wote hao, hakuna aliyelijibu. Aliyelijibu ni idara ile ile ya yule afisa.

Idara ya Maliasili ya Minnesota huchapisha jedwali la unene wa barafu. Ni fupi. Chini ya inchi 4, kaa ufuoni. Inchi 4 za barafu mpya, safi na inayoona ndani, unaweza kutembea. Inchi 5 hadi 7, pikipiki ya theluji. Inchi 9 au 10, gari dogo. Pikapu inahitaji zaidi ya hapo. Ikiwa barafu ni nyeupe, iliyochanganyika na theluji, zidisha vipimo hivyo mara mbili. Na juu ya yote kuna onyo kwamba hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia 100.

Lisome kama andiko, utaona linafanya jambo ambalo filamu zimekataa kulifanya. Linakuambia upime. Toboa shimo kwa keekee, weka rula, soma. Kisha tembea kama mita 45 utoboe tena, kwa sababu shimo la kwanza limekuambia habari za mahali pale tu. Hilo ndilo tendo la kweli la hadithi hii: mtu anayetembea polepole akiuliza swali lile lile kila baada ya hatua kadhaa, bila kuchoka na bila kuamini jibu la jana. Kwangu hiyo ni tamthilia tayari. Haina muziki, lakini ina hofu ya kutosha.

Hata kuanguka kwenyewe kuna muundo wake. Gordon Giesbrecht, profesa wa Kanada aliyesomea jinsi mwili unavyokabili baridi, ameueleza kwa namba tatu: 1, 10, 1. Dakika 1 ya kutuliza pumzi, kwa sababu maji baridi hukufanya uhemehe na ukihemea ndani ya maji umekwisha. Dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Angalia jinsi inavyopingana na sinema, ambako mhusika akizama hufa papo hapo au huogelea chini ya barafu kama pomboo. Ukweli ni kwamba una muda, ila si ule unaodhani. Unageukia ulikotoka, maana barafu ile ilikubeba. Unapiga miguu kama mwogeleaji, unajivuta kwa misumari miwili yenye mipini ambayo wavuvi huvaa shingoni, na ukitoka hausimami: unabingiria mpaka upate barafu imara.

Hata hivyo, jedwali nalo nina ugomvi nalo. Limeandikwa kwa mtu ambaye tayari analijua ziwa, aliyekwenda na babake akiwa na miaka sita. Linampa namba, halimpi mazoea. Mgeni hana keekee. Ana macho tu, na macho huona nyayo za watu na alama za magurudumu, kisha hujiambia: kama wao wamepita, nami nitapita. Hata huku kwetu, masika, mto unapofurika juu ya barabara, ndivyo tunavyofikiria. Gari la mbele limevuka, twende. Lakini nyayo ni habari za jana.

Na siku hizi hata mwenyeji anaanza kuwa mgeni. Tarehe 29 Desemba 2023, katika ziwa la Upper Red huko huko Minnesota, kipande cha barafu kilimeguka na kuelea kikiwa na wavuvi zaidi ya 100. Wote waliokolewa. Msimu ule wa baridi ulikuwa wa joto kuliko wote uliorekodiwa Minnesota. Mapema mwaka 2024, Art Shanty Projects, maonyesho ambayo wasanii wa Minneapolis hujenga vibanda vyao vya sanaa juu ya ziwa lililoganda, yalilazimika kufungwa mapema kwa sababu barafu haikuaminika tena. Sanaa iliyozoea kutumia barafu kama sitiari ilikuta sitiari yenyewe inayeyuka. Kama kuna tamthilia ya kufuata *Nice Fish*, nadhani iko hapo. Iwe ya mzee aliyevua miaka 50 mahali pamoja, sasa anatoboa shimo na namba haimwambii alichozoea.

Nilimpigia binamu. Kumbe hakwenda kwa kubahatisha. Anafanya kazi katika makao ya wazee, na mmoja wa wazee anaowahudumia alivua katika ziwa hilo, Mille Lacs, maisha yake yote. Ni ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 500, lisilozidi mita 13 kwenda chini, na samaki wake maarufu anaitwa walleye. Desemba, kabla ya baridi kukomaa, binamu alimwambia mzee kwamba ameona watu kwenye kiziwa kilicho karibu na nyumba yake na anataka kwenda kupiga picha. Mzee akamuuliza, "Uliona watu, au uliona nyayo?" Ilikuwa nyayo. "Basi hujaona kitu," mzee akasema. Akamfundisha kupima akiwa kitini, kwa kutumia fimbo yake ya kutembelea kama chuma cha kugongea barafu. Wakafanya zoezi hilo korido nzima.

"Na siku ya video?" nikamuuliza.

"Inchi 15, safi. Nilishika rula mwenyewe. Tena gari tuliliegesha mbali na kibanda."

Nikamrudia shangazi na namba hiyo. Nikamweleza: 4 za kutembea, 15 zilikuwepo, na kesho atapima tena. Alinyamaza kidogo.

"Sasa mbona siku ile ulinijibu haraka hivyo?"

Nilimwambia nilikuwa nimetazama filamu nyingi.

"Haya," akasema. "Huyo mzee asalimiwe. Na mwambie mtoto aache kuruka-ruka."