Chagua Maji Kwanza, Shule Baadaye

Kila mwaka, bamvua linapoyavuta maji hadi mwisho, watu hushuka kutoka kwenye mashua katikati ya mlango wa bahari wa Solent, kusini mwa Uingereza, wakasimika vijiti mchangani na kucheza kriketi. Fungu hilo linaitwa Bramble Bank. Timu ni mbili, Royal Southern Yacht Club ya Hamble na Island Sailing Club ya Cowes, na mechi haidumu kwa sababu maji hurudi kuudai uwanja wake. Novemba 2008 meli ya abiria Queen Elizabeth 2, ikirejea Southampton kwa mara ya mwisho kabla ya kwenda kustaafu Dubai, ilipanda fungu hilohilo hadi tagi zikaja kuivuta.

Kandokando ya fungu hilo, kuanzia Portsmouth na Hamble hadi Cowes, ndiko zilikosongamana shule nyingi za kujifunzia unahodha kwa kulala chomboni. Mwanafunzi hulipa, hupewa kitanda chembamba ndani ya yoti, na kwa siku tano hula, hulala na kusafiri humo pamoja na mwalimu na wenzake. Shule za namna hiyo ziko pia Ufaransa, Ugiriki, Karibiani na Marekani. Mtu anayetafuta ya kwenda huanza kwa kulinganisha bei, picha za vyombo na jina la cheti, kisha mwisho kabisa ndipo huuliza bahari yenyewe ikoje. Angeanzia hapo, maswali mengine mengi yangejijibu.

Ramani ya mafunzo ya Solent imechorwa na Royal Yachting Association, RYA, chama kilichoanzishwa 1875 kwa ajili ya mashindano ya yoti. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mtu kuwa na leseni ili aendeshe yoti yake ya starehe, hivyo vyeti vya RYA ni vya hiari. Ngazi ya kwanza, Competent Crew, humpokea hata asiyewahi kushika kamba. Ya pili, Day Skipper, humfundisha kuwa nahodha wa mchana katika maji anayoyafahamu, na anatakiwa afike akiwa tayari na siku 5 chomboni, maili 100 za bahari na saa 4 za usiku. Ngazi hizo mbili hazina mtihani: mwalimu humtazama mwanafunzi wiki nzima, kisha huamua. Ndiyo maana mwalimu ana uzito kuliko jina la shule.

Siku ya kwanza huanza bila tanga lolote kupandishwa. Wanafunzi huonyeshwa majaketi ya kuokolea, vizima moto, valvu za choo na bomba la gesi ya kupikia. Kwa nini gesi isisitizwe hivyo? Kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka mlangoni, hushuka na kutulia ngamani, ikingoja cheche. Baada ya hapo ndipo kamba zinafunguliwa na chombo kutoka gatini.

Zoezi linalopima shule kuliko yote ni la mtu aliyeanguka baharini. Mwalimu hulifunga dafrao pamoja na ndoo, hulitupa majini bila taarifa na kupaza sauti. Mwanafunzi aliye kwenye usukani lazima ateue mtu wa kulinyooshea kidole muda wote lisipotee machoni, ageuze chombo, alirudie huku upepo ukimjia kwa pembe ya mbele, kisha alegeze demani ili tanga lipigepige na yoti isimame kando ya ndoo. Akija kasi hulipita; akija polepole mno, omo hutupwa pembeni na upepo. Wachache huipata mara ya kwanza. Sasa tupige hesabu ndogo. Wanafunzi watano, ambao ndio ukomo wa RYA kwa mwalimu mmoja, wakipeana dakika 15 kila mmoja, duru moja inakula saa moja na robo. Wakiwa watatu, ni dakika 45. Kwa wiki nzima, tofauti hiyo ndiyo inayomtenganisha aliyeshika usukani na aliyetazama wenzake wakiushika. Shule inayotangaza bei ya chini mara nyingi imeipata kwa kujaza vitanda vyote.

Lakini tuyarudie maji. Katika bahari nyingi, anayetaka kujua kina kitakuwaje baada ya saa kadhaa hutumia kanuni ya kumi na mbili. Tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hugawanywa sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme Mombasa siku hiyo tofauti ni mita 3.6. Sehemu moja ni sentimita 30, kwa hiyo saa ya kwanza maji yatapanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, na kadhalika. Nahodha wa yoti inayohitaji kina cha mita 1.8 ili ielee anajua kuwa saa tatu baada ya maji kupwa ameshapata mita 1.8 za nyongeza, na kwamba huo mkondo wa katikati ndio wenye nguvu zaidi.

Solent huivuruga kanuni hiyo. Southampton maji hujaa, hupungua kidogo, kisha hujaa tena kama saa mbili baadaye, halafu hutoka kwa haraka. Wenyeji wengi watakwambia ni kwa kuwa kisiwa cha Wight kina milango miwili. Maelezo yenye nguvu zaidi ni umbo la mlango wote wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa na kina chake kifupi. Vyovyote iwavyo, hapo mwanafunzi hawezi kukariri. Lazima afungue jedwali, asome mchoro wa bandari husika, ambao kwa eneo hilo huhesabiwa kuanzia maji kupwa, aongeze saa moja ya majira ya kiangazi, kisha atoe kina cha chombo na akiba ya usalama. Kwenye mlango wa Hurst, upande wa magharibi, mkondo wa bamvua hupita noti 4, na yoti ya mafunzo yenye tanga huenda noti 5 au 6. Aliyekosea saa moja atakaa hapo akiitazama ngome ileile ya Hurst huku akisogea kwa shida.

Ukiilinganisha wiki hiyo na ya visiwa vya Virgin vya Uingereza, Karibiani, ni kana kwamba ni somo jingine. Huko upepo wa msimu huvuma kwa utulivu, visiwa vinaonana, Tortola huku, Norman Island kule, na maji hayapandi wala kushuka hata nusu mita. Shule nyingi hufuata mtaala wa American Sailing Association, ulioanza 1983, na katika wiki moja mtu hukamilisha kozi tatu, namba 101, 103 na 104, hadi kiwango cha kukodi yoti bila nahodha. Huko anajifunza vizuri kutia nanga, kuokota boya, kupunguza tanga upepo ukizidi na kuishi na watu katika nafasi finyu. Hayo si mambo madogo. Ila mkondo na kupwelewa hatavijua, na kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi: maboya ya bara la Amerika yamepangwa kinyume. Chombo kinapoingia bandarini kule, boya jekundu huachwa kulia. Ulaya na Afrika huachwa kushoto. Mwanafunzi aliyezoea Tortola kisha akaingia mlango wa Kilindini kwa mazoea hayo, anaelekea kwenye mwamba.

RYA yenyewe inakiri tofauti hii, kwani cheti cha Day Skipper huandikwa kama kimepatikana katika maji yenye kujaa na kupwa au yasiyo nayo. Neno hilo moja kwenye karatasi lina maana kubwa kwa msomaji wa pwani yetu. Unguja na Mombasa bamvua hupandisha maji kwa mita 3 hadi 4. Portsmouth ni karibu vivyo hivyo. Anayekusudia kurudi kuendesha yoti kati ya Kilifi, Pemba na Mafia anafanya vyema kujifunzia mahali ambapo bahari ina tabia inayofanana na ya kwao, hata kama baridi yake itamkera. Nahodha wa jahazi wa Lamu haendi kuambiwa bamvua ni nini, anajua kwa kutazama mwezi. Anachokosa ni jedwali, redio, taa za maboya usiku, na karatasi ambayo kampuni ya bima itaikubali.

Ugiriki nako kuna faida yake, hasa somo la kufunga gati kwa tezi: nanga hudondoshwa mbele, chombo kikarudi nyuma taratibu hadi gatini, upepo wa pembeni ukikisukuma na wenye vyombo vya jirani wakitazama kwa wasiwasi.

Kuna mfano mwingine usiofanana na yote haya. Mwaka 1947 Philippe na Hélène Viannay, waliokuwa katika harakati za siri za kupinga Wanazi na kuchapisha gazeti la Défense de la France, walifungua kambi katika visiwa vya Glénan, mbele ya Concarneau, Brittany, ili vijana waliotoka vitani wapate pa kupumua. Kambi hiyo ikawa Les Glénans, moja ya shule kubwa za tanga Ulaya. Wakufunzi wake kwa desturi ni watu wa kujitolea. Wanafunzi hupika, husafisha, hupanga safari na kubadilishana unahodha. Anayetafuta starehe asiende. Lakini kwa msomaji wa Bujumbura au Bukavu anayezungumza Kifaransa, na ambaye mfuko wake si mzito, hapo pana mikondo mikali, miamba mingi na watu wasiofundisha kwa ajili ya mshahara. Ni chaguo ambalo matangazo ya Kiingereza huliruka.

Wanaotaka kazi ya unahodha hulenga cheti cha RYA cha Yachtmaster Offshore. Hapo mtihani upo, na mtahini haruhusiwi kuwa ndiye aliyemwandaa mwanafunzi. Kwa mtahiniwa mmoja huchukua saa 8 hadi 12, baharini, mchana na usiku. Kabla yake zinadaiwa siku 50 za bahari, maili 2,500, na safari 5 za zaidi ya maili 60, mbili zikiwa za kulala njiani na mbili akiwa yeye nahodha. Kuna shule zinazouza njia ya mkato: wiki kadhaa mfululizo, kutoka sifuri hadi cheti. Si udanganyifu, maili zinatimia. Ila maili nyingi kati ya hizo hupatikana kwenye chombo kilekile, pamoja na wenzake walewale na mwalimu akiwa hatua mbili nyuma. Mwenye chombo anayeajiri huuliza jambo moja tu: ni lini ulikuwa nahodha na hakukuwa na wa kumuuliza?

Jambo la mwisho ni chombo chenyewe, na hapa hakuna mzaha. Mei 2014 yoti Cheeki Rafiki, aina ya Beneteau First 40.7, ilikuwa ikirudi Uingereza kutoka Antigua ilipopoteza mkuku wake katikati ya Atlantiki. Wanne waliokuwemo walifariki. Ripoti ya MAIB, idara ya Uingereza inayochunguza ajali za baharini, iliyotoka 2015, ilisema kuwa kupanda mafungu mara kadhaa hapo awali na matengenezo yaliyofuata huenda vililidhoofisha eneo ambapo mkuku ulishikiliwa. Yoti za mafunzo hupanda mafungu kwa sababu wanaoziendesha wanajifunza. Hakuna shule ya Solent itakayodai vinginevyo. Kinachotofautisha ni kama kila tukio linaandikwa, na kama mtu hushuka chini kukagua boliti za mkuku baadaye.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma fedha, mwandikie mwenye shule barua fupi. Muulize wiki yako itakuwa na wanafunzi wangapi, na si ukomo ni wangapi. Muulize chombo kilipandishwa nchi kavu lini mara ya mwisho na nani aliukagua mkuku. Muulize usiku mtasafiri saa ngapi, na kama cheti kitaandikwa kuwa cha maji ya kujaa na kupwa. Akisita kukujibu kwa maandishi, peleka fedha zako kwa jirani yake. Mtoni Hamble hawako mbalimbali.