Maumivu: Ishara au Dalili?

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi mbili zinazojitokeza katika tafsiri za maandishi ya tiba, yaani "dalili muhimu ya tano" na "kipimo cha maumivu". Zote mbili ni nyepesi kutamka. Hata hivyo tunaona kwamba zina kasoro, na kasoro yenyewe si ya lugha peke yake, kwani yaweza kumfikia mgonjwa kitandani.

Tuanze na asili ya istilahi ya kwanza. Kwa desturi mtabibu huangalia mambo manne ili aijue hali ya mgonjwa: joto la mwili, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu. Manne haya hupimwa kwa chombo au kwa kuhesabu, na hata aliyezimia hupimika. Katikati ya miaka ya 1990 Chama cha Maumivu cha Marekani kilihimiza maumivu yahesabiwe kuwa jambo la tano. Nia ilikuwa njema, kwa sababu wagonjwa wengi walikuwa wakiachwa wateseke. Mwaka 1999 hospitali za maaskari wastaafu wa nchi hiyo zilianza kuufuata mwito huo, na kuanzia 2001 chombo cha kukagua hospitali kilidai maumivu ya wagonjwa yachunguzwe. Mara nyingi mgonjwa aliombwa ataje namba, kuanzia 0 hadi 10.

Wakati huo huo dawa kali za jamii ya afyuni zilikuwa zikitangazwa kwa bidii kubwa. OxyContin iliingia sokoni mwaka 1996, na mwaka 2007 kampuni iliyohusika nayo ilikiri mahakamani kwamba iliitangaza kwa njia ya kupotosha. Namba ilipokuwa kubwa, mtabibu alijiona hana budi kuishusha, na njia ya mkato ilikuwa kidonge. Hatusemi kwamba neno moja lilileta maafa yote. Sababu zilikuwa nyingi, na tamaa ya biashara ilikuwa mstari wa mbele. Lakini neno lilisaidia kufungua mlango. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliazimia kuiacha istilahi ile. Mwaka 2021 watu zaidi ya 80,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa za jamii ya afyuni, wengi wao kwa fentanili iliyotengenezwa kwa siri.

Kosa la istilahi lilikuwa wapi? Taaluma ya tiba hutenga mambo mawili: lile analolihisi mgonjwa na kulisimulia, na lile analoliona au kulipima mtabibu. Maumivu ni ya fungu la kwanza, nayo yaliingizwa katika la pili. Kiswahili cha kila siku hutumia "dalili" kwa mafungu yote mawili: twasema dalili ya homa kama tusemavyo dalili ya mvua. Basi mfasiri anayeandika "dalili muhimu ya tano" hulifunika kosa lisionekane kabisa. Tunapendekeza "dalili" litengwe kwa lile linalosimuliwa na mgonjwa, na "ishara" kwa lile linaloonwa na mtabibu. Hapo msomaji ataona mara moja kwamba maumivu ni dalili, wala si ishara ya tano ya uhai.

Istilahi ya pili ni "kipimo". Neno hili latukumbusha pishi, mizani na rula, vitu visivyobadilika kwa kubadilika mpimaji. Tulipofika Mbozi Mission kwa shughuli za kikazi, mzee mmoja alitusimulia yaliyompata katika hospitali moja ya mbali. Aliulizwa maumivu yake ni namba ngapi. "Nilisema kumi, mwanangu," alituambia. "Nani aende hospitali kutaja alama ndogo?" Alipewa vidonge vilivyomlaza siku mbili, na jipu likabaki pale pale. Mama aliyeketi karibu alicheka, akasema kwamba yeye angesema mbili, kwani mtu mzima halii mbele ya vijana. Kipimo ni kimoja, lakini mmoja alikitumia kama bei ya sokoni, na mwingine angekitumia kama mtihani wa heshima.

Lakini wazee hao walipoachwa waseme wenyewe, walisema kwa ufasaha. Kiswahili hakisemi sana kwamba mtu "ana maumivu". Husema mguu unamuuma, kichwa kinamwanga, tumbo linamsokota, kidonda kinapwita, koo linakereketa. Kiungo ndicho mtenda, na kitenzi chaeleza namna ya tendo. Anayeuliza "Panakuumaje, na tangu lini?" hupata habari ya ugonjwa, anayeuliza "Namba ngapi?" hupata namba. Kwa hiyo tunapendekeza "makadirio ya maumivu" badala ya "kipimo", na fomu ziweke nafasi ya kitenzi cha mgonjwa kando ya namba.

Tahadhari moja ni lazima. Kwetu Afrika Mashariki wengi huumia kwa kukosa mofini, si kwa kuzidishiwa. Uganda iliona hivyo, na mwaka 2004 ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hofu ya Marekani isitufanye tumnyime mgonjwa wa saratani haki yake. Hapa pia lugha ina dhamana. Mofini ikiitwa "dawa ya kulevya", kama lisemavyo jina la sheria yetu ya mwaka 2015, ndugu wa mgonjwa hudhani anafanywa teja. Katika maandishi ya tiba tuseme "dawa ya jamii ya afyuni", na tutenge "utegemezi", yaani mwili kuizoea dawa hata ukataabika inapokatizwa ghafla, na "uraibu", yaani mtu kushindwa kujizuia ingawa anaona madhara.

Haya ni mapendekezo, si maamuzi. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa afya watuletee maoni yao, pamoja na vitenzi vya maumivu vinavyotumika katika sehemu zao, ili orodha itakayosanifishwa itokane na vinywa vya wanaoumwa.