Besi Ililazwa Ubavu

Tuanze na pale palipoharibika. Wimbo wa tatu wa onyesho la taarabu la Jumamosi, ubeti wa pili umekwisha, kiitikio kimeimbwa mara moja, fidla zimeshika jawabu. Kiongozi wa kundi anageuka, anamwinamia kijana wa besi na kumnong'oneza. Kijana anatazama kulia, anatazama kushoto, kisha anailaza besi sakafuni, ubavu, nyuma ya viti vya fidla, na kuvaa mkanda wa gitaa la besi lililokuwa limeegemezwa kwenye spika tangu mwanzo wa usiku. Mliokuwepo mliona. Kundi lenyewe mnalijua, sina haja ya kulitaja.

Ulikuwa uamuzi mbovu. Nasema mapema asije mtu akasoma mpaka chini akitarajia nitapima huku na huku.

Tazameni kwanza wakati uliochaguliwa. Tangu besi ilipolazwa mpaka gitaa lilipotoa sauti ya kwanza, wimbo ulikwenda bila kitu chini. Mpiga dumbak akabaki kama mtu aliyevutiwa kiti. Alifanya wanachofanya wote wakikosa besi: akaongeza nguvu. Alipoongeza nguvu mwendo ukapanda, fidla zikamfuata, na mwimbaji, ambaye ubeti wake wa tatu una maneno marefu, akajikuta anayameza. Mnakumbuka alivyousogelea mkrofoni na kukunja uso. Watu walidhani ni mbwembwe, wakainuka kumtunza. Mama wa watu alikuwa anatafuta pumzi.

Halafu gitaa likaingia, na hapo ndipo kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Wimbo ulikuwa kwenye wahed unus. Mnaoujua mdundo huo mnajua kwamba dumbak ina pigo zito, dum, na pigo kavu, tak, na kwamba besi haina kazi ya kugonga kila mahali. Inakaa chini ya dum, kisha inaondoka ili tak ipite. Kuondoka kwenyewe ndiyo kazi. Uzi wa besi ukidonolewa kwa kidole, sauti hutoka imejaa na kunyauka upesi, kwa sababu nguvu ya uzi inaliwa na mbao: daraja linatetemeka, ubao wa mbele unatetemeka, hewa iliyo tumboni inatoka kwa yale matundu mawili, na basi, imekwisha. Gitaa la besi halina tumbo. Ni gogo zito, na gogo halili nguvu ya uzi, kwa hiyo sauti inaendelea kuvuma mpaka kiganja kiizime. Wapiga gitaa la besi wazuri wanatumia nusu ya akili yao kuzima. Kijana wetu hajafundishwa kuzima, maana kwenye besi mbao humzimia. Matokeo mliyasikia: dum moja ikavuma mpaka ndani ya dum iliyofuata, tak ikazama katikati, na wahed unus ukawa uji.

Watakuja wenye kusema gitaa la besi na besi ni kitu kimoja. Kwenye karatasi wana haki. Nyuzi ni nne zilezile, mi, la, re, sol, na uzi mzito kabisa unatetemeka mara 41 na kitu kwa sekunde katika ala zote mbili. Leo Fender alipolitoa gitaa lake kule California mwaka 1951 alilipa jina la Precision, yaani la uhakika, kwa kuwa vile vyuma vya shingoni vinampa mpigaji sauti mahali palepale bila kubahatisha. Na hapo baadhi ya rafiki zangu wa taarabu hukimbilia hoja ya maqam, ile mizani ya sauti za Kiarabu: vyuma hivyo haviwezi robo ya sauti, rast na bayati vinaharibika. Hoja nzuri, ila mimi siitumii. Akodioni nayo haiwezi robo ya sauti, na tumekaa nayo miaka mingi bila kulia. Isitoshe, besi ya taarabu muda mwingi inapiga sauti ya nyumbani na ya tano yake, ambako robo hazina nafasi. Tusilinde jambo la haki kwa hoja dhaifu. Lililovunjika usiku ule ni namna sauti inavyokufa, na hilo linatosha.

Nasikia sababu iliyotolewa baadaye ni kwamba besi ilikuwa haisikiki nyuma. Kweli haikusikika. Nilikaa safu ya kumi na mbili, nami nilikuwa naivizia. Lakini tuulize kwa nini. Mkrofoni wa besi ulikuwa umewekwa kwenye stendi fupi, chini ya goti la mpigaji, uso wake umeelekea dumbak. Ulikuwa unanasa dumbak! Ungeinuliwa mpaka usawa wa daraja na kusogezwa shubiri moja kutoka ubaoni, safu ya mwisho ingesikia hata kidole kinavyoachia uzi. Kazi ya dakika moja, na mapumziko ya baada ya bashraf, ule muziki wa ufunguzi usioimbwa, yalikuwa marefu, maana palikuwa na hotuba.   Fundi mitambo wa siku hizi ukimtajia besi anaelewa kitu cha kutikisa matumbo kwenye harusi. Akisikia sauti laini anadhani ala ni mbovu. Badala ya kurekebisha mkrofoni, tukabadilisha ala.

Na isidhaniwe nina ugomvi na umeme. Black Star na Lucky Star wa Tanga walipiga taarabu kwa magitaa zamani, na nyimbo zao hadi leo zikipigwa nasimama. Ila wale walizitunga nyimbo kwa magitaa. Walijua besi yao itavuma kiasi gani, wakaacha nafasi ya kuvumia. Wimbo wa Jumamosi ulitungwa kwa fidla, udi, kanuni, nai na besi ya kusimama, na kila mmoja ana kipande chake cha ukimya. Ukibadilisha ala bila kuutengeneza wimbo upya unamtia mtu mzima kwenye shati la mtoto. Haya ndiyo tuliyoyapigia kelele miaka ya 1990, pale mkono wa kushoto wa kinanda ulipoanza kufanywa besi. Tuliambiwa ni kupunguza gharama, ni ala moja tu. Hesabuni leo ni makundi mangapi ya mjini yana besi ya mbao inayosimama.

 Turudi kwa kijana wa besi.

Huyu kijana hakuzaliwa na besi. Alianza na fidla, kama wengi, akahamia besi kwa sababu mzee aliyekuwa akiipiga alichoka na kiti kikabaki kitupu. Kuna wanaoona haya kusema hivyo, kana kwamba mtu anatakiwa aitwe na besi usingizini. Historia ya ala hii ni historia ya viti vitupu. Giovanni Bottesini, ambaye Italia nzima ilikuja kumwita Paganini wa besi, alikwenda Milano mwaka 1835 akiwa na miaka kumi na tatu, akitaka kusomeshwa muziki bila ada. Nafasi zilizobaki zilikuwa mbili: moja ya basuni, moja ya besi. Alikuwa mtoto wa fidla. Akachagua besi, akajifunza kwa wiki chache, akapokewa. Mtu huyohuyo ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza la Aida, Kairo, tarehe 24 Desemba 1871. Kairo hiyohiyo, miongo mitano na kitu baadaye, Mohammed Abdel Wahab alianza kuingiza chelo na besi kwenye takhti, lile kundi dogo la ala la Waarabu, na kutoka kwenye firqa, yaani okestra, za Misri, kwa sahani za santuri, redio na filamu, sura ile ya okestra ikafika Unguja. Sisemi Bottesini alituletea besi. Nasema ala imefika kwetu kupitia mji ambao yeye alishika fimbo.

Wengine walisukumwa kwa ukali zaidi. Milt Hinton alikuwa mpiga fidla hodari Chicago, na wapiga fidla weusi walikuwa wakila kwenye kumbi za filamu zisizo na sauti. Mwaka 1927 filamu zikaanza kusema, okestra zikafungwa, fidla yake ikakosa mlo. Bendi za jazi zilihitaji besi. Charles Mingus alishika chelo. Rafiki yake Buddy Collette akamwambia waziwazi kwamba mtu mweusi hatapewa kiti cha chelo katika okestra za Marekani, ashike besi. Ron Carter naye, chelo tangu miaka kumi, alihamia besi akiwa sekondari Detroit baada ya kuona wenzake weupe wanaitiwa kazi na yeye anapitwa. Mwaka 2015 kitabu cha Guinness kilimhesabia rekodi 2,221 alizoshiriki, hakuna mpiga besi wa jazi aliyemfikia. Watu watatu, milango mitatu iliyofungwa usoni, na ala moja iliyokuwa na nafasi.

Kwa hiyo anayeuliza kwa nini watu wanashika besi, jibu langu ni kavu: kwa sababu kuna mtu anawahitaji. Utamu unakuja baadaye. Unakuja siku ile unapogundua kwamba ukichelewa kidogo wote wanachelewa, ukibadilisha sauti ya chini wimbo mzima unageuka rangi, na mwimbaji anayeshangiliwa hajui kwamba ni wewe uliyempitisha. Hapo mtu haondoki tena. Lakini mpaka afike hapo anahitaji kiti, na kiti kiwe kinamngoja kila Jumamosi.

Najua gharama ya kukifikia. Nilijaribu mwenyewe, ujana wangu, miezi minne. Wiki ya kwanza vidole vilitoka malengelenge, ya pili yakapasuka, ya tatu nikaanza kupata sauti inayofanana na sauti. Urefu wa uzi kutoka daraja mpaka juu ni zaidi ya mita moja. Mkono wa kushoto ukishavifungua vidole vyote umepata hatua moja tu kamili ya muziki, sembuse mbili. Konda wa daladala alinitoza nauli tatu, yangu na mbili za kile chombo, halafu akataka tukiweke juu ya paa. Sikurudi. Wenye moyo wanarudi, na kijana huyu ni mmoja wao: miaka miwili, bila mwalimu wa kudumu, kwenye besi ambayo uzi wake wa mi una fundo.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyenong'onezwa sikioni, mbele ya ukumbi uliojaa, aweke chini. Wazee wa vikundi vya Unguja, Ikhwani Safaa na Culture, wa enzi zile wasingethubutu. Enzi za mwanamuziki Seif Salim besi ilikuwa nyuma kabisa na hakuna aliyeitafuta kwa macho, lakini mpiga besi alikuwa akikaa palepale mpaka wimbo wa mwisho. Akikosea, alisemwa mazoezini, mlango umefungwa. Sauti ikiwa ndogo, wengine walipunguza zao. Mnasikia? Fidla nane zilishushwa ili besi moja isikike. Nidhamu hiyo ndiyo tuliyoikosa Jumamosi, wakati fidla tano na akodioni zilipiga kwa nguvu zote tangu bashraf na hakuna aliyeambiwa ateremke.

Na utaona yatakayofuata. Mwakani kiongozi huyohuyo ataulizwa redioni kwa nini kundi lake halina besi ya mbao. Atajibu kwamba vijana wa siku hizi hawataki kujifunza, wanapenda vitu vyepesi. Nitamkumbusha wimbo wa tatu, baada ya ubeti wa pili.

Besi ile ilibaki sakafuni mpaka mwisho. Nilikwenda kuitazama watu walipokuwa wanakunja nyaya. Daraja lilikuwa limeanguka, na mtu alikuwa ameweka chupa ya maji juu ya ubavu wake. Daraja likianguka ule mti mdogo wa ndani nao unaweza kulegea na kuanguka, na ukianguka, usikaze nyuzi kabla fundi hajausimamisha, ubao wa mbele utabonyea. Nimemwambia kijana hilo. Wewe kiongozi nakuomba mawili: fundi aitwe kabla ya mazoezi ya Jumatano, na mkrofoni uwekwe usawa wa daraja, shubiri moja. Kijana anaanza kuzoea gitaa.