Shahrazadi Katika Karata

Mpwa wangu alipokuja likizo alinimwagia mezani fungu la karata, nyingi zikiwa nakala alizochapa mwenyewe, akasema, "Mjomba, hii ndiyo Alfu-Lela-Ulela yako." Nikacheka. Karata nizijuazo mimi ni za shupaza na kopa. Hizi zilikuwa na majini, na kila jini ameandikiwa uwezo wake chini ya picha. Nilikaa nazo siku tatu.

Mchezo wenyewe, Magic: The Gathering, ulibuniwa na Richard Garfield, Mmarekani msomi wa hisabati, ukatoka mwaka 1993. Desemba ya mwaka huo likafuata toleo la Arabian Nights, karata zipatazo 78, lililokopa kutoka kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma kwa Kiswahili tungali watoto. Mchezaji huanza na uhai 20, na anayeishiwa ameshindwa.

Nilitazamia kukuta majina matupu yaliyobandikwa juu ya hesabu. Zipo za namna hiyo. Taa ya Aladini, kwa mfano, ina gharama ya 10, ambayo ni kubwa mno, na ukishaipata hakitoki kiumbe chochote; unachambua karata zako tu na kuchukua moja. Taa gani hiyo? Lakini Sindbadi amenishinda. Humfunulia mwenyewe karata moja, nayo isipokuwa ardhi, hutupwa. Baharia asiyejali chochote ila nchi kavu! Na yule jini Juzám, mwenye nguvu 5 kwa 5, kila zamu humpunguzia bwana wake uhai 1. Sisi watu wa pwani tuliosikia habari za majini ya kufuga hatuhitaji kufafanuliwa.

Iliyo bora kuliko zote ni ya Shahrazadi. Ukiicheza, mchezo husimama hapo ulipo, nanyi mnaanza mchezo mwingine ndani yake kwa karata zilizobaki. Ukiisha mnarudi, na aliyeshindwa hupoteza nusu ya uhai wake. Hadithi ndani ya hadithi, bila kusimulia neno. Sikubaliani na hiyo nusu ya uhai, maana Shahrazadi wa kitabuni aliokoa roho za watu, hakuzipunguza. Hata hivyo, sijaona mfasiri wala mchoraji aliyeukamata ule ukatizaji wake hivi. Mwaka 2007 ikapigwa marufuku mashindanoni, kwa kuwa inarefusha mchezo. Hilo ndilo hasa alilokusudia yule binti!

Linaloniudhi ni jingine. Mwaka 1996 kampuni ilitangaza orodha ya karata ambazo haitazichapa tena, ili walioziweka akiba wasipate hasara. Shahrazadi yumo, na Juzám yumo. Nikaelewa zile nakala za mpwa wangu: za asili zinauzwa kwa bei asiyoimudu kijana. Ahadi ni ahadi, na mtu aliyetoa fedha zake ana haki ya kudai. Lakini hadithi hizi zilifika kwetu kwa sababu kila aliyezisikia alizirudia, kila mfasiri akaongeza chake, na hakuna aliyemwomba mwenzake idhini.

Usiku wa tatu tulicheza, mimi na yeye, kwa nakala zake. Aliiweka Shahrazadi mezani mara mbili, moja ndani ya nyingine. Tulikuwa bado katika mchezo wa tatu wa ndani umeme ulipokatika, tukatafuta mshumaa.