Ufa wa Jiwe Ndani ya Chungu: Namna Violeti ya Usambara Inavyokuzwa Nyumbani

Violeti ya Afrika, ambayo kwa zaidi ya karne moja wataalamu wa mimea waliiita Saintpaulia, ni mmea wa nyufa za mawe. Katika misitu ya Usambara na kwenye miamba ya chokaa ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, huota ubavuni mwa jiwe penye kivuli, mizizi yake ikiwa imejishikiza kwenye konzi moja ya mboji iliyonaswa ufani. Maji hupita hapo karibu kila siku, lakini hayatuami. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Wajerumani huko Usambara, aliupeleka mmea huo kwa baba yake Ujerumani. Kutoka kwa baba ulifika mikononi mwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, aliyeutangaza mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba uliuhamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus. Wakuzaji wengi wameendelea na jina la zamani, wala hawana hasara.

Ukuzaji wake wa kibiashara ulishika kasi Los Angeles. Mwaka 1926 kitalu cha Armacost and Royston kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikaotesha miche na kuichuja hadi zikabaki aina 10 tu. Maelfu ya aina zilizokuja baadaye, zenye maua meupe, ya waridi, yaliyorundikana petali au yenye kingo za mawimbi, zina deni kubwa kwa uchujaji huo. Ndiyo maana mkuzaji wa leo hana sababu yoyote ya kung'oa mche msituni, ambako baadhi ya jamii za mmea huu zimebaki kwenye vipande vidogo vya msitu.

Mmea huu umepata sifa ya kuwa msumbufu. Sifa hiyo haiutendei haki, kwa sababu matatizo yake mengi, yakifuatiliwa hadi mwanzo, hurudi kwenye dai moja: mizizi inataka unyevu usiokatika na hewa isiyokatika, vyote kwa wakati mmoja. Udongo wa bustani hauwezi kutoa viwili hivyo ndani ya chungu kidogo. Ukimwagiliwa hushikamana, hewa hutoka, na vimelea vya uozo kama Pythium huanza kula mizizi. Dalili yake huwapotosha wengi: majani hulegea huku udongo ukiwa umelowa. Mwenye mmea hudhani ni kiu, huongeza maji, na shughuli huishia hapo.

Kwa hiyo wakuzaji wazoefu hawatumii udongo hata kidogo. Mchanganyiko uliozoeleka una sehemu tatu: mboji ya kinamasi inayoshika maji, vemikulaiti inayoshika maji na virutubisho, na perlaiti inayoacha nafasi za hewa. Mboji ya kinamasi ni chachu mno, hivyo huongezewa chokaa kidogo ili pH ifike kati ya 6 na 7. Afrika Mashariki kuna njia iliyo karibu zaidi. Kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, hufanya kazi ya mboji ya kinamasi, na punje za pumisi za Bonde la Ufa, zinazotumika pia kwenye mashamba ya waridi ya Naivasha, hushika nafasi ya perlaiti. Tahadhari ni moja. Makumbi mara nyingi huja na chumvi, hasa yakiwa yamelowekwa karibu na bahari, kwa hiyo kokopiti husuuzwa kwa maji safi mara kadhaa kabla ya kuchanganywa. Ikirukwa hatua hiyo, ncha za mizizi huungua na mche hudumaa bila sababu inayoonekana.

Mchanganyiko ukiwa tayari, ndipo utambi huingia, na hapa ndipo ustadi wenyewe ulipo. Uzi mmoja wa sweta hupitishwa kwenye tundu la chini la chungu, ncha moja ikizungushwa ndani ya mchanganyiko, nyingine ikining'inia kwenye kopo la maji lililo chini. Maji hupanda kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta kwenye utambi wa chemli. Kila mizizi inapofyonza, uzi hurudisha kiasi kilichopungua, wala hauzidishi. Uzi lazima uwe wa akriliki, kwa kuwa wa pamba huoza ndani ya wiki chache na kukatika palepale pasipoonekana. Mchanganyiko nao hubadilishwa kidogo: perlaiti au pumisi hufika karibu nusu ya ujazo wote, maana chungu cha utambi hakipati siku ya kukauka, na hewa lazima itoke kwenye punje zenyewe. Mchanganyiko mzito ukiwekewa utambi huua mmea haraka kuliko umwagiliaji wa kubahatisha.

Mbolea hutiwa kwenye maji ya kopo, nyepesi sana, robo au hata moja ya nane ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ile ambayo naitrojeni yake ni ya urea huepukwa. Kwa kuwa maji hupanda tu na hayashuki, chumvi za mbolea hubaki juu na kujijenga kama ukoko mweupe, hivyo kila mwezi au miwili chungu humwagiliwa kwa juu maji mengi ya uvuguvugu yapite na kuziondoa. Ukoko huo ni mbaya zaidi kwenye chungu cha udongo wa kuchoma. Kikonyo cha jani kikilala kwenye ukingo wenye chumvi huungua na kuoza, na hiyo ni sababu mojawapo ya vyungu vidogo vya plastiki kupendwa.

Kuhusu maji kwenye majani, imani iliyoenea kwamba jani la violeti halipaswi kuloa ina ukweli nusu. Kinachodhuru ni ubaridi. Jani lenye nyuzi joto 25 likidondokewa na maji yaliyopoa kwa nyuzi 10 zaidi, seli zilizo chini ya ngozi ya juu hushtuka: vifuko vya utomvu ndani yake hupasuka, utomvu wenye asidi humwagikia kloroplasti, na rangi ya kijani hufa mahali hapo. Baada ya muda hutokea madoa au pete nyeupe ambazo hazifutiki hadi jani litupwe. Maji ya joto la chumba hayana madhara hayo. Majani yenye manyoya yaliyojaa vumbi yanaweza kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu, mradi kitovu cha mmea kikaushwe kwa ncha ya karatasi laini na mmea ukae kivulini hadi ukauke.

Mwanga huamua maua. Violeti haihesabu urefu wa mchana kama mimea mingine inavyofanya. Inajumlisha mwanga wote iliopata kwa siku. Dirisha la mashariki lenye pazia jepesi linatosha, na hapa ikweta ina nafuu kubwa, kwa sababu mchana wa Nairobi au Tanga haubadiliki sana kutoka Januari hadi Desemba, wakati Hannover majira ya baridi huacha saa nane tu. Ni upungufu huo wa nchi za baridi uliowapeleka wakuzaji kwenye taa za mirija, zikiwa sentimita 25 hadi 30 juu ya majani kwa saa 12 hadi 14, kisha giza la usiku. Taa ina faida nyingine ambayo dirisha halina: mwanga hutoka juu, kwa hiyo majani hujipanga kama mduara uliochorwa kwa bikari bila mtu kuzungusha chungu. Mmea wenyewe hutoa hukumu. Vikonyo vikirefuka na majani kuinuka, mwanga ni hafifu. Majani ya katikati yakisongamana na kupauka, umezidi.

Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 18 na 27, ambalo Lushoto hulipata bila juhudi. Dar es Salaam mwezi wa Februari ni habari nyingine, vichipukizi vya maua hukauka kabla ya kufunguka. Njia iliyo na akili ni kuweka mimea kwenye rafu ya chini na kuwasha taa za LED usiku, hewa inapopoa, ili mchana wa mmea uwe usiku wa mwenye nyumba.

Umbo hutunzwa kwa mkono. Kikonyo cha maua huchipuka kwenye kwapa la jani, kwa hiyo mmea usiotoa majani mapya hautoi maua. Majani ya chini yaliyochoka huvunjwa, machipukizi ya pembeni hutolewa mapema yasije yakagawa kitovu, na upana wa chungu huachwa theluthi moja ya upana wa mmea. Majani yakitolewa mwaka baada ya mwaka, shina hubaki wazi kama shingo. Hapo sehemu ya chini ya mizizi hukatwa, ngozi ya shingo hukwanguliwa taratibu, na mmea hushushwa hadi majani yaguse mchanganyiko. Shingo hutoa mizizi mipya.

Uzazi ni mwepesi kuliko yote yaliyotangulia. Jani lililokomaa hukatwa likiwa na kikonyo cha sentimita 2 au 3, huchomekwa kwenye mchanganyiko wenye unyevu na kufunikwa kwa mfuko wa plastiki. Mizizi hutoka ndani ya mwezi, na vichanga huonekana kwenye mwezi wa pili au wa tatu. Njia hiyo hushindwa kwa aina zenye maua ya mistari inayotoka katikati hadi ukingoni, ambazo tabaka za tishu zao zina vinasaba tofauti. Vichanga vya jani huanza kwenye seli za ngozi tu, hivyo tabaka moja hupotea na ua hutoka rangi moja. Aina hizo huzalishwa kwa machipukizi ya pembeni, au kwa kikonyo cha maua kilichochomekwa chini pamoja na vijani vyake viwili vidogo, ambako kila kwapa huficha chipukizi lenye tabaka zote.