Gari na Mvutaji Wake

Kila lugha ina njia yake ya kulipa jina gari la farasi, na jina hilo hufichua kile ambacho watu wake walikitazama kwanza. Wahangaria walitazama mahali: kijiji cha Kocs, kilichosifika kwa magari mepesi ya safari, kimewapa Waingereza neno coach na Wajerumani neno Kutsche. Landau nalo ni jina la mji wa Ujerumani. Warusi walihesabu farasi: troika ni utatu, yaani farasi watatu waliofungwa sambamba. Wajapani walimtazama binadamu: jinrikisha, ambayo ulimwengu umeifupisha ikawa rikisho, maana yake ni gari la nguvu za mtu.

Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na majina hayo katika riwaya au tamthilia ya kigeni hufungua mkoba wake akakuta neno moja tu: gari. Hapo ndipo huanza malalamiko yanayosikika mara kwa mara barazani, kwamba lugha ni masikini, kwamba msamiati umepungua. Lalamiko hilo linastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Gari ni neno la Bara Hindi. Lilivuka bahari pamoja na biashara, na Unguja, ambako masultani walikuwa na magari yao ya farasi, lilipata makazi mapema. Lakini Kiswahili hakikulipokea kama mgeni wa kuketishwa tu. Kililipa kazi. Kikasema gari la farasi, gari la ng'ombe, gari la moshi. Pwani wengi husema gari ya farasi, na ugomvi huo wa ngeli haujesha. Katika kila jina, kinachotajwa baada ya gari ni kile kinacholivuta. Kocs ni habari ya fundi. Landau ni habari ya mji. Kiswahili kimeuliza swali jingine kabisa: nani anavuta?

Tatizo la mfasiri, basi, halikuzaliwa na upungufu wa neno. Limezaliwa na wakati. Injini ilipokuja ilimeza mvutaji, na gari likabaki peke yake bila nyongeza. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anakuta magari ya Farao yakizama baharini, na gari la moto likitokea wakati nabii Eliya anapochukuliwa. Mzee aliyeona farasi akivuta ataelewa bila shida. Kijana wa Tunduma, ambaye kila asubuhi huona foleni ya malori yakingoja kuvuka kwenda Nakonde na kuendelea hadi Kongo, ana haki ya kumwona Farao na msafara wa matela. Kosa si lake. Ni la neno lililoachwa bila mvutaji.

Dawa zinazopendekezwa ni tatu. Ya kwanza ni kukopa upya. Lakini anayeandika kochi atamkuta msomaji wake amekwisha kukaa sebuleni, kwa kuwa kochi ni kiti cha kupumzikia. Ya pili ni kueleza: gari linalokokotwa na farasi. Katika nathari maelezo hayo hupita. Katika shairi la mizani nane kwa kila kipande hayapiti, kwa sababu yana mizani kumi na mbili. Yanavunja kipande na kumwaga kina. Ya tatu ni ile ya wahenga, gari la farasi, yenye mizani sita. Inaingia katika kipande na kubakiza mbili za kumpa mshairi pumzi. Anayeidharau kwa kuwa ni ya kawaida hajajaribu kuipanga katika ubeti.

Hata hivyo, si kila mahali panapostahili farasi. Mshairi anayeandika historia ya nyanda za Songwe na kumpandisha msafiri wake wa karne ya 19 katika gari la farasi atakuwa amepamba kwa uongo. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alikwenda na maksai kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaamini kwamba njia ya magari imepatikana. Mwaka uliofuata mbung'o waliwaua ng'ombe, na mpango ukafa pamoja nao. Kusini zaidi, mwaka 1881, mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha ijengwe barabara kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Barabara hiyo haikukamilika yote kama ilivyokusudiwa, lakini mapito yake yalikatiza nchi ya Wanyamwanga, karibu na mahali ambapo leo pana mpaka wa Tunduma. Vipande vya meli ya Good News, iliyoshushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1885, vilivushwa katika nyanda hizo kwa nguvu za watu. Barabara ilikuwa na jina la mfadhili. Waliobeba hawakuachiwa jina ila moja la jumla: wapagazi.

Hapa inafaa kumkumbuka Salim bin Abakari, ambaye maandishi yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Mtu huyo mmoja ana masimulizi ya safari ya Nyasa, wakati meli ya Wissmann ilipopelekwa huko vipande vipande, na ana masimulizi ya safari ya Urusi na Siberia. Wahakiki wamependa zaidi ya pili, kwa ajili ya ugeni wa theluji. Lakini yafaa yasomwe pamoja, kwa kuwa yanaweka chini ya kalamu moja nchi iliyohesabu farasi wake mpaka ikaita gari utatu, na nchi ambayo mzigo wake ulikwenda juu ya bega la mtu. Nathari ya Kiswahili ilikuwa na uwezo wa kwenda kote kuwili zaidi ya karne moja iliyopita.

Songwe, iliyotengwa na Mbeya mwaka 2016 ikawa mkoa, ina neno lake la kumpa mshairi, nalo linatumika kila siku: mkokoteni. Mashambani Mbozi mkokoteni huvutwa na maksai. Mpakani Tunduma huvutwa na kijana mwenye kifua wazi, anayepenya kati ya malori akiwa na magunia. Neno hilo limetoka moja kwa moja katika kitendo cha kukokota. Halina kijiji, halina mji, halina mfalme. Lina jasho tu. Mizani yake ni mitano, na sauti zake, ko na ko zikifuatana, zina uzito wa gurudumu linalopanda mlima. Ni ajabu kwamba washairi wengi hulipita neno hili wakitafuta kibandawazi cha sultani.

Hukumu basi ni nyepesi kutamka, ingawa ngumu kutekeleza. Palipo farasi, mfasiri na amtaje farasi, wala asione haya. Palipo ng'ombe, ng'ombe. Palipo mtu, lisijengwe gari la kumficha mtu huyo. Lugha iliyozoea kuuliza nani anavuta imewaachia washairi wake amana, na mshairi anayeandika gari peke yake, hali mvutaji yuko mbele ya macho yake, amekata kamba ambayo wazee waliifunga kwa makusudi.