Sifa za Jedwali Lenye Mti Ndani Yake

Jedwali la hifadhidata halina matawi. Mistari yake imelala sambamba, hakuna ulio mkubwa kwa mwenzake. Lakini nchi kama Tanzania imepangwa kwa ngazi: mkoa una wilaya zake, wilaya ina kata, kata ya vijijini ina vijiji, na kijiji kina vitongoji. Katika kazi zote za SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, naienzi zaidi hii ya kuusimamisha mti kutoka kwenye mistari iliyolala.

Msingi wake ni kuandika kidogo. Kila eneo lipewe namba yake, jina lake na namba ya mzazi wake, basi. Wilaya ya Ileje inamjua mzazi wake tu, yaani Mkoa wa Songwe. Tanzania, iliyo shina, nafasi yake ya mzazi huachwa tupu.

Faida huonekana mambo yanapobadilika. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na wilaya za Ileje, Mbozi na Momba zikahamia huko. Kama jina la mkoa lingeandikwa kwenye kila kitongoji, mistari yote ingehitaji kusahihishwa, na mmoja ukisahaulika unageuka uongo. Hapa unaongeza mstari wa Songwe, kisha unabadili mzazi wa kila wilaya iliyohama. Kata na vijiji vyake vinafuata bila kuguswa.

Mti wenyewe hupatikana kwa kuuliza. Zamani jedwali liliunganishwa na nafsi yake mara nyingi kadiri ya ngazi; ngazi ikiongezeka, ulizo linaandikwa upya. Mfumo wa hifadhidata wa Oracle ulikuwa na njia yake, CONNECT BY. Kisha kiwango cha SQL cha mwaka 1999 kikaleta WITH RECURSIVE, iliyoingia kwenye mifumo ya PostgreSQL mwaka 2009 na MySQL mwaka 2018.

Ulizo hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza hulichukua shina. Ya pili hutafuta watoto wa wale waliopatikana punde, kisha watoto wa hao, hadi mzunguko usioleta mtu mpya. Fundi makini hubeba pia njia iliyopitiwa, Tanzania/Songwe/Ileje, ili kila mtoto apangwe chini ya mzazi wake. Njia hiyohiyo humlinda: mstari ulioandikwa kimakosa kuwa mzazi wa babu yake ungelizungusha bila kikomo ulizo lililoanza na mstari huo, lakini aliyekwisha kutajwa njiani hakubaliwi tena.

Geuza sharti la kuunganisha, anza na kitongoji, na ulizo litapanda hadi taifa, likitaja kila ngazi inayokihusu. Aliyejaza jedwali hakuliandalia swali hilo. Alichofanya ni kuandika kila ukweli mara moja, mahali pake, na uaminifu huo umetosha kujibu hata ambalo hakulifikiria.